Weusi wa Pembeni

Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimwambia Lugano atazame nyota nyekundu iliyobandikwa katikati ya ukuta, asihamishe macho hata kidogo. Kisha akachukua tochi ndogo, akaanza kuileta mbele taratibu kutoka nyuma ya sikio la mtoto.

"Ukiuona mwanga, sema."

Lugano akanyamaza. Tochi ikapita sikio, ikapita shavu. Bupe, mama yake, alikuwa amekaa kwenye benchi, amejitanda kanga kwa ajili ya baridi ya Tukuyu. Aliuona mwanga ukigusa kope za mwanawe, na mwanawe katulia vilevile kama aliyekaa gizani.

"Nimeuona," Lugano akasema mwishowe, tochi ikiwa imekaribia kufika mbele ya pua.

Daktari akarudia upande wa pili, ikawa yaleyale. Akaishusha tochi kutoka juu ya kichwa, mtoto akasema ameuona papo hapo. Akaipandisha kutoka kidevuni, vilevile.

"Juu na chini anaona kama mimi na wewe," daktari akasema. "Haya, mjukuu wangu, ukitazama ile nyota, huku pembeni kuna nini?"

"Weusi."

"Weusi wa namna gani?"

"Kama ukuta. Huku ukuta, na huku ukuta." Lugano akainua mikono, akachora hewani umbo la alichokiona. Kilikuwa karibu mraba, upana umezidi kimo kidogo tu.

Daktari aliitazama ile mikono, kisha akazima tochi na kuirudisha mfukoni. Inaelekea Lugano hakuwa mtoto wa kwanza kumchorea umbo lile.

"Mama, huyu anacheza gemu za zamani? Zile zenye utepe wa kuvaa kichwani?"

Bupe akainamisha uso. Banda la gemu lilikuwa lake.

*

Banda lenyewe lilikuwa la bati, nyuma ya nyumba yao, kwenye kichochoro cha kwenda sokoni. Mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua hainyeshi kwa kuombwa, watoto walikuwa wakiongea kwa kupiga kelele ili wasikilizane. Ndani kulikuwa na mabenchi, TV, na juu ya kila TV kitambaa cheupe alichokifuma Bupe mwenyewe. Mashine zilikuwa za kizamani, za diski, zilizotupwa na watu wa Ulaya na kuja ndani ya marobota ya mitumba. Gemu mpya zilitaka intaneti yenye nguvu, na ya Tukuyu wingu likikaa inalala. Mashine ya zamani haikuomba kitu zaidi ya umeme.

Shida ilikuwa picha. Mashine hizo zilitengenezwa zama za TV za kichogo, na picha yake ilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu. TV za kichogo zilishakusanywa zote nchini zikaenda kufukiwa, kwa ajili ya sumu iliyokuwa kwenye vioo vyake. Zilizobaki ni hizi bapa, ndefu kama ubao wa kupigia pasi. Ukiivuta picha ya zamani ijaze kioo, wachezaji wanageuka vibonge na mpira unakuwa yai. Ukiikuza, inakatwa juu na chini, huoni dakika wala magoli. Ukiiacha ilivyo, inakaa katikati, na weusi unabaki huku na huku.

Wapo mafundi walioilazimisha mashine yenyewe itazame kwa upana. Ikatazama, lakini huko pembeni hakukuwa na kitu. Mashine za zamani zilikuwa na nguvu ndogo, kwa hiyo zilikuwa bahili: kisichoonekana kwenye picha hazikukichora. Mti unachorwa ukiingia, unafutwa ukitoka. Ukiipanua kwa nguvu unakuta jukwaa limeishia hewani, mashabiki hawana miguu, na beki anakuzukia kama jini.

"Mama Lugano, TV yako nusu imekufa," watoto walikuwa wakimwambia.

"Imekufaje na wewe unacheza?"

"Mbona pembeni hakuna kitu? Umetuuzia nusu."

Maneno kama hayo yanamkera mtu mwenye biashara. Ndipo Bupe akaagiza Kipanuzi. Kilikuwa utepe wa kuvaa kwenye paji la uso, na kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye mashine, vyote vya kampuni moja iliyojiita Upeo. Utepe ulisoma jicho linatazama wapi, ukasoma na kichwa kinategemea kuona nini, halafu ukamchorea mchezaji huko pembeni, ndani ya macho yake mwenyewe. Asiyevaa aliendelea kuona weusi. Aliyevaa aliona uwanja mzima, na jukwaa, na watu. Hata ukitoka nao nje, mbali na mashine, utepe uliendelea kukuchorea yaliyohifadhiwa kwenye kisanduku.

"Jamani, mashabiki ni watu wa hapahapa," alisema wa kwanza kuuvaa. "Nimemwona mama muuza bagia."

"Anashangilia nani?"

"Anakudai wewe."

Banda likacheka mpaka bati likalia.

Kwenye karatasi ya Upeo iliandikwa kwamba utepe ni wa kichwa kimoja. Bupe aliisoma. Lakini mabanda yetu yana sheria yake, na kila mtoto anaijua: ukifungwa unatoka, mshindi habanduki. Pedi inapita mkono kwa mkono, na utepe ukapita kichwa kwa kichwa. Bupe angewezaje kumvisha mmoja na kuwaambia wengine wamtolee macho? Aliona ni uchoyo wa wazungu, kitu kuwa na mtu mmoja tu. Kwa hiyo kisanduku kikajaa vichwa vya mtaa mzima, kimoja juu ya kingine.

Aliyeuvaa zaidi ya wote ni Sekela, binti wa nyumba ya jirani, kwa sababu hakuna aliyeweza kumfunga. Aliwafunga wavulana mpaka wakaanza kusema anatumia dawa. Alipokwenda kula ndipo Lugano, rafiki yake na mtoto wa mwenye banda, aliuchukua utepe ukiwa bado una joto la kichwa cha mwenzake.

Sekela alikufa mchana, barabara kuu, ametumwa chumvi. Malori ya ndizi ya sasa yanakwenda kwa umeme, hayana mlio, na ndani hakuna dereva wa kumpigia mtoto kelele. Walioshuhudia walisema alisimama vizuri ukingoni, akatazama mbele, akavuka. Lori lilimtokea ubavuni. Msibani watu wakasema watoto wa siku hizi hawaangalii, wakainama kula wali wao. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakuangalia.

*

Sasa, hospitalini, daktari alimweleza Bupe bila haraka.

"Macho yake hayana ugonjwa. Kila mtu, mama, pembeni haoni vizuri. Kichwa ndicho kinachojaza. Chake kimemkuta mwingine wa kujaza, kikaacha. Kimekuwa bahili kama hizo mashine zenu."

"Atapona?"

"Watoto walioacha mapema wamerudi kuona pembeni, baadhi yao. Wengine hawajarudi."

"Mapema ni lini?"

"Ningejua ningekwambia." Daktari akavuta kiti karibu. "Kuuficha utepe hakutoshi. Wazazi wameweka juu ya kabati, watoto wamepanda kabati. Hicho kisanduku kifutwe, kiwe kitupu. Kichwa kikijua hakuna wa kukisaidia, labda kitaona njaa kifanye kazi. Usikawie."

Walipotoka nje Lugano aliutoa utepe kwenye mfuko wa sweta na kuuvaa, kama mtu mzima anavyovaa miwani. Bupe hakumkataza. Kulikuwa na barabara ya kuvuka, na aliogopa kumwacha katika ule weusi. Hakujua bado kwamba alichopaswa kuogopa zaidi ni kilichochorwa.

*

Lakini kufuta hakukuwa jambo la kubonyeza tu, kwa sababu ndani ya kisanduku alikuwemo Sekela.

Lugano ndiye aliyemwona, siku chache baada ya mazishi, amevaa utepe uani, anamenya magimbi. "Sekela yuko pale kwenye migomba," alisema, bila kushtuka, kama anayemtaja mpita njia. Sekela huyo hakuwa akisema kitu. Midomo ilicheza bila sauti, na ukimgeukia umtazame moja kwa moja anatoweka, kwa kuwa Kipanuzi kilichora pembeni tu. Bupe alitaka kumnyamazisha mwanawe, akachelewa. Mama Sekela alikuwa amesimama kwenye ua wa mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, ameshika ndoo.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni akitoka kuchuma chai, na mikono yake ina rangi ya majani, anabisha hodi kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Ugonile, Mama Lugano."

"Ndaga. Karibu ndani."

Halafu anakaa kwenye kigoda, upande wa kushoto wa mtoto, anauliza, "Lugano mwanangu, mwenzako hajambo?" Na Lugano anatazama mbele, anamweleza. Amekaa dirishani. Anajikuna goti. Anachezea nywele, ule msuko uliofumuka nyuma ya sikio. Mama Sekela mwenyewe alishauvaa utepe akaambulia kipandauso; kichwa cha mtu mzima kimeshazoea kujaza chenyewe, hakikubali msaada. Ilibidi aone kwa macho ya Lugano.

Siku ile ya hospitali Bupe alimngoja, akamtuma Lugano kwa shangazi yake kuchukua maziwa, akamwambia yote: tochi, ukuta wa weusi, na umbo lile la mraba. Mama Sekela alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, hanywi.

"Kwa hiyo ndicho kilichomuua wangu," akasema.

"Ndicho."

"Hakuliona lori."

"Hakuweza kuliona."

Bupe alisubiri atukanwe. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na asingeinua mkono. Mama Sekela akaweka kikombe chini.

"Na hichohicho ndicho kimenirudishia."

"Mama Sekela, si yeye. Ni picha. Ni kile watoto walichokizoea kuona."

"Wewe unanifundisha mtoto wangu?" Hakupaza sauti. "Juzi Lugano kaniambia anavyokunja kidole gumba akifikiri. Wewe uliwahi kukiona hicho kidole? Mimi nilikuwa namchapa kwa ajili ya hicho kidole, nasema utakivunja."

Bupe akasogeza kuni mekoni.

"Unajua hawakunifunulia jeneza," Mama Sekela akaendelea. "Watu wote huwa wanaaga. Wanapanga mstari, wanapita, wanatazama uso. Mimi mama yake wazee wakaniambia usitazame, utakumbuka vibaya. Wakanishika mikono huku na huku. Nimezika sanduku. Sikumuaga mwanangu, Mama Lugano. Hapa kwako ndipo ninapomuaga."

"Daktari amesema tusikawie."

"Nami sisemi ukawie. Nipe nafasi nimuage tu."

"Mpaka lini?"

Mama Sekela akatazama mlango, kama anayetafuta jibu huko nje. "Nitajua nikimaliza."

Na Bupe, ambaye mtoto wake alikuwa hai, alishindwa kumwambia hapana mwanamke ambaye wake hayupo. Mzazi unayesoma haya unaweza kusema wewe ungeweza. Jaribu kwanza kukaa na mtu huyo jikoni, mnazungumza mkitazama chini.

*

Hata hivyo alipiga simu Upeo, ajue tu. Iliyomjibu haikuwa binadamu, ingawa ilikuwa na Kiswahili kizuri cha watangazaji.

"Mama mpendwa, asante kwa kuwa nasi. Nikusaidie nini?"

"Nataka kufuta yaliyomo kwenye kisanduku."

"Naona hapa kuna vichwa vingi. Masharti yetu yalisema kichwa kimoja, mama mpendwa."

"Najua yalivyosema. Mwanangu haoni pembeni."

"Pole sana. Utepe ukivaliwa na wengi, matokeo hatuyajui. Hilo nalo liko kwenye masharti."

Bupe akabadilisha sikio. "Ninaweza kufuta cha mwanangu peke yake, kikabaki cha mwenzake?"

"Vimechanganyika. Haviwezi kutenganishwa."

"Na nikikivunja?"

"Usihofu. Yaliyomo yanatunzwa huku kwetu salama kabisa. Tutakutumia kisanduku kingine na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa."

"Sitaki kirudi."

"Basi njia ni kufuta vyote. Vikifutwa havirudi. Niendelee?"

Jikoni Lugano alikuwa akicheka peke yake, na baada ya kicheko akanyamaza kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu.

"Ngoja kwanza," Bupe akasema, akakata.

Akamtumia ujumbe mume wake, aliyekuwa Chunya kwenye machimbo. Ukarudi wa maneno machache: *Wewe uko hapo ndiye unayeona. Amua.* Aliusoma tena na tena akitafuta mahali ambapo mumewe amemsaidia, hakupaona.

Siku zikapita. Kila jioni Mama Sekela alikuja, na kila alipoondoka Bupe alimsindikiza mpaka kwenye ua na kumtazama usoni, na Mama Sekela alitikisa kichwa kidogo. Bado. Wakati mwingine alileta mbalaga, zile ndizi za kupika, kwenye hotipoti, akamlisha Lugano kwa mkono wake kama mtoto mchanga. Lugano alinenepa mashavu, na mraba wake ukabaki palepale, au ulipungua. Asubuhi moja, bila utepe, alipitisha mkono wake mbele ya uso kutoka upande, polepole, anajipima mwenyewe. Alipoona mama yake anamtazama akajifanya anapunga nzi.

Bupe alilifunga banda. Watoto wengine waliouvaa kidogo kidogo walipimwa, wakaonekana wamerudi, na wazazi wao wakaanza kupita njia nyingine kwenda sokoni.

*

Kilichomaliza kungoja kilitokea siku ya soko.

Bupe alikuwa anapatana na mwenye kuuza parachichi, Lugano ameshika upindo wa kanga yake. Aliposhusha mkono kutafuta kichwa cha mwanawe akakuta hewa. Mtoto alikuwa ameshafika barabara kuu. Alitembea bila haraka, mikono imelegea, utepe umekaa vizuri kwenye paji la uso, na lori la ndizi lilikuwa linateremka kutoka upande wa Mbeya, jeupe, kimya kabisa.

Bupe hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka sweta lilivyochanika begani, na upepo wa lori ulivyopiga miguu yao wakiwa wamelala kwenye kokoto. Lori halikusimama. Yanasimama yakigonga tu.

"Hukuliona?"

Lugano akajifuta vumbi magotini. "Barabara ilikuwa tupu."

"Tupu vipi, Lugano? Lori lote lile?"

"Sekela alikuwa amesimama katikati. Nikajua hakuna gari."

Watu walikuwa wamewazunguka, mmoja anaokota maparachichi, mwingine anasema watoto wa siku hizi hawaangalii. Bupe aliushika uso wa mwanawe kwa viganja, akauvua ule utepe, na wakati anauvua alimsikia mtoto anavuta pumzi, kama mtu anayezamishwa kwenye maji ya baridi.

Mama Sekela hakuwepo mjini. Alikuwa ameteremka Kyela kumuuguza dada yake, na simu yake ilikuwa haipatikani. Bupe alijaribu kumpigia, akajaribu tena, na lazima isemwe ukweli, alishukuru isipopatikana. Akakaa na Lugano kitandani.

"Mwanangu, nataka kukifuta."

"Chote?"

"Chote."

Lugano alichezea uzi uliotoka kwenye sweta. "Nitaona pembeni?"

"Daktari anasema labda."

"Na Sekela ataenda wapi?"

Bupe alitaka kusema ameshakwenda, kwamba yuko kwa Mungu, maneno wanayoambiwa watoto. Akayaacha. "Hayupo humo, mwanangu. Ni picha."

"Najua ni picha," Lugano akasema, na kwa sauti ile alikuwa mkubwa kuliko umri wake. "Lakini mama yake hajui."

Bupe akapiga simu. Ile sauti ikamkaribisha tena, ikamkumbusha tena masharti, ikauliza kama iendelee. Alisema ndiyo. Ikauliza kama ana uhakika. Alisema ndiyo. Haukupita muda hata wa kumeza mate.

"Imekamilika, mama mpendwa. Sasa una kisanduku kipya kabisa. Unaweza kuanza kujaza."

*

Siku kadhaa baadaye daktari alirudia na tochi. Nyota nyekundu, nyuma ya sikio, sikio, shavu. Bupe alikuwa anaomba kimoyomoyo, mtoto aseme hata kwa kukisia, hata kwa kudanganya. Tochi ikafika palepale ilipofika mara ya kwanza.

"Nimeuona."

"Tuendelee kungoja," daktari akasema. Aliyasema akiwa ameshageukia kuandika.

"Nimechelewa?"

"Tuendelee kungoja, mama."

Nyumbani Lugano alijifunza kutembea upya. Aligeuza kichwa kizima, kushoto, kulia, kama kuku. Aliuliza, "Mama uko wapi?" na mama yake amesimama bega kwa bega naye. Aligonga jiko, akaungua kiganja, hakulia. Jioni Bupe alikuwa anamfanyisha mazoezi aliyoonyeshwa, anapunga kitambaa cheupe upande mmoja. "Hiki unakiona? Na hapa? Na hapa?" Lugano alijibu hapana, hapana, hapana, kwa upole, kama yeye ndiye anayemwonea huruma mama.

Mama Sekela alirudi kutoka Kyela wakati jiko limewashwa na ndizi ziko mekoni. Alikuwa amekonda. Alibeba kapu la mchele na samaki wakavu, akaliweka mlangoni.

"Ugonile, Mama Lugano."

"Ndaga. Pole na mgonjwa."

"Mgonjwa amezidiwa, ndugu wanamwangalia. Nimekuja mara moja." Akavuta kigoda, akakaa mahali pake. "Nimekaa siku zote hizo namfikiria huyu wa hapa. Nikasema niende nikamwone kwanza."

Bupe aliinuka na mwiko mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu siku ya soko, ameyapanga kwa kupika, kwa kufua, kwa kulala. Alifungua mdomo.

"Lugano mwanangu," Mama Sekela akasema, "mwenzako hajambo?"

Lugano alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aligeuza kichwa chote mpaka akampata Mama Sekela ndani ya mraba wake, akamtazama usoni kwa muda. Kisha akainuka, akapapasa ukuta, akautoa utepe kwenye msumari ulipoachwa, akauvaa. Ulikuwa hauna kitu. Aliketi tena, akatazama mbele, kama alivyozoea.

"Hajambo," akasema.

"Yuko wapi?"

"Amekaa hapo karibu yako."

Mama Sekela akasogeza goti kidogo, kumpisha. "Anafanya nini?"

"Anakutazama tu. Alikuwa anakungoja." Lugano aliuweka utepe sawa kwenye paji la uso. "Amevaa gauni la njano."

Kuni zikapasuka mekoni. Mama Sekela alikunja uso.

"Sekela hakuwa na gauni la njano."

Bupe alikuwa amefika kwenye mkeka, amesimama upande wa kushoto wa mwanawe, mkono wake uko karibu kabisa na bega lake.

"Ni jipya," Lugano akasema.

Mama Sekela akaziba mdomo kwa kiganja. Alikaa hivyo, anapumua kwa pua, na machozi yakapita juu ya vidole vyenye rangi ya chai. Alipoutoa mkono, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimwahidi la Krismasi. Limemkaa?"

"Limemkaa vizuri. Anazunguka, ulione na mgongoni."

"Mwambie azunguke tena."

Bupe alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa kwa nguvu, anamwashiria mwanawe anyamaze, basi, inatosha. Alikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kumgusa, na mtoto hakumwona.